Kimakua cha Njia ya Tatu

Jamani, nawahi mapema. Jioni hii kuna sauti itaanza kuzunguka kwenye simu zenu, ya mtoto analia na watu wazima wanacheka nyuma yake. Kabla haijawafikia nasema mwenyewe kwa mdomo wangu: leo nimeaibika. Nimeaibika Ruangwa, mchana kweupe, hedifoni kichwani.

Wengi mnanijua. Bakari, yule wa chumba cha trei za mayai hapa Nachingwea. (Trei ni za kuzuia mwangwi. Mayai sina. Acheni kuniulizia mayai.) Mwaka wa nne huu narekodi gitaa langu kwa kompyuta, na kila wimbo unatoka msafi mpaka unakera. Sasa tangu mwaka jana nimekuwa mgonjwa wa kitu kimoja: kinasa sauti cha kaseti cha njia nne. Kwa wasiojua, ni mashine ya zamani inayotumia kaseti ileile ya redioni. Unarekodi gitaa kwenye njia ya kwanza, unarudisha mkanda, unaongeza besi kwenye ya pili, unarudisha, ngoma, unarudisha, unaimba. Mtu mmoja, bendi nzima! Nimeangalia video zake kwenye simu mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepata mwanamke mwingine.

Wiki iliyopita nikasikia kwamba Ruangwa mjini yupo Mzee Lukasi, alikuwa mpiga gitaa wa dansi enzi zake, na anauza yake. Nikampigia hapohapo. Mzee anaongea taratibu, hana haraka na vocha ya mtu. Akaniambia kuna jamaa mwenye nyumba ya wageni anaitaka aiweke mapokezi, juu ya kabati, pembeni ya maua ya plastiki. Huyo jamaa atakuja leo mchana. Lakini yeye mzee roho inamuuma, hataki mashine yake ikafie juu ya kabati.

"Nampa anayeijua," akasema. "Wewe unaijua?"

"Mzee, hizo nimezitumia miaka," nikamjibu.

Miaka! Mimi sijawahi hata kuigusa. Lakini mngefanyaje nyinyi? Kusini yote hii sijui kama iko nyingine.

Basi leo asubuhi nikajiandaa. Nikaweka kwenye begi spiriti, pamba, bisibisi na hedifoni mpya. Nikavaa na kofia. (Mafundi wa kwenye video wote wana kofia.) Kilichokosekana ni kaseti ya kujaribia, maana kwangu kaseti hakuna hata ya dawa. Nikapita kwa mama. Mama ana sanduku la bati ambalo halitupi kitu. Akachakura, akatoa kaseti moja, upande mmoja imeandikwa DANSI kwa mwandiko wa baba. Akaishika kidogo kabla ya kunipa.

"Cheza huu upande wa dansi tu. Upande wa pili usiufungulie mbele za watu."

Nikamuuliza kuna nini. Akasema kuna mambo ya nyumbani. Hapo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Zamani, mimi nikiwa mdogo, baba alikuwa anafanya kazi Tanga bandarini, na mama alikuwa akimtumia barua za sauti kwa kaseti, anampa mtu wa basi. Nikajua humo kuna maneno ya mtu na mume wake. Nikaona haya, nikaitia mfukoni, nikaapa moyoni kwamba upande wa pili siugusi. Na nataka mjue hilo, jamani: sikuugusa. Mama yangu nilimtii.

Saa nne niko Ruangwa. Nyumba ya Mzee Lukasi iko nyuma ya soko. Nikamkuta barazani na mkewe, Mama Tekla, anachambua mbaazi kwenye ungo. Nikawaamkia, wakaitikia, nikapewa kiti. Na hapo mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, ikawa imekaa yenyewe. Nyeusi, vitufe vinne vya kusukuma juu na chini, kila kimoja na njia yake, na visahani viwili vya mishale ya kupima sauti. Moyo ulinienda mbio, siwafichi. Nilikuwa hivi siku ya kwenda kujitambulisha ukweni.

Nianze kwa kujisifu kidogo, maana baadaye sitapata nafasi. Mwanzo nilifanya vizuri sana. Nikafungua mfuniko, nikalowesha pamba kwa spiriti, nikasafisha hedi, ile sehemu inayosoma mkanda. Nikaiinamia kuangalia kama imelika. Haijalika. Nikaweka sikio kusikiliza mota. Nikauliza belti ilibadilishwa lini, mzee akasema mwenyewe, kwa mkono wake, na mara mbili. Nikatikisa kichwa kama daktari. Mzee Lukasi akamgeukia mkewe akamwambia, huyu kijana anajua. Kama ningeaga pale nikasema nakwenda msalani, nisirudi, ningebaki na heshima mpaka leo jioni.

Sikuaga. Nikaingiza kaseti ya mama, upande wa dansi. Nikavaa hedifoni. Nikasukuma juu kitufe cha kwanza na cha pili. Dansi ikaja, magitaa mawili yanajibizana, nzito kidogo, inatembea polepole kuliko ninavyoikumbuka, lakini safi. Nikainua dole gumba.

"Na ya tatu na ya nne?" akauliza mzee.

Nikashusha mbili za mwanzo, nikapandisha ya tatu na ya nne.

Ndugu zangu. Ikaja sauti ya mwanamke. Nzito, ya majonzi, sauti ya mtu aliyebeba jambo. Kila neno linaanza kwa mbali, linavimba, halafu linakatika ghafla. Sikushika hata neno moja. Nikakaza hedifoni, sikushika.

Sasa fundi yeyote, hata wa kwenye video, angejua palepale ni nini kile. Mimi nilikuwa nimesahau kila kitu nilichoangalia. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe. Huu ni upande wa dansi, kama mama alivyosema. Kwa hiyo huyu mama anayeimba ni wa kwenye dansi. Haimbi Kiswahili. Kimwera si chenyewe, Kimwera ndiyo changu. Kimakonde si chenyewe, hicho ndicho mke wangu ananigombezea. Kiyao si chenyewe, majirani zangu wanatukanana nacho kila asubuhi ukutani kwangu. Kimebaki nini? Kimakua. Hesabu imetoka bila baki.

"Unasikia nini?" akauliza Mzee Lukasi. Macho kayafumba nusu.

"Kuna mama anaimba. Kimakua."

Mbaazi zikaacha kulia kwenye ungo. Mama Tekla akanyanyua kichwa. "Kimakua?"

"Kimakua cha ndani kabisa," nikaongeza, bila kuulizwa. "Cha ng'ambo ya Ruvuma." (Maneno ya Kimakua ninayoyajua ni matatu. Mawili hayasemeki mbele ya wakwe.)

"Anasemaje?"

Ningeweza kusema sauti haisikiki vizuri. Ningeweza kukohoa. Lakini nilikuwa nimeshaitwa kijana anayejua, na mashine ilikuwa pale mbele yangu, na jamaa wa nyumba ya wageni alikuwa njiani. Nikafumba macho. Nikaweka mkono kifuani, na yule mama masikioni akapandisha kilio, na mimi nikapandisha naye.

"Anamlilia mume wake. Amechukuliwa na maji. Anasema, mto umejaa, mto umejaa."

Nikafuta na jicho. Hilo chozi halikuwa la uongo, nilishajiingiza mwenyewe.

Nilipofumbua macho Mama Tekla alikuwa ameshaweka ungo chini. Kumbe yeye ndiye Mmakua. Amezaliwa ng'ambo huko huko, akaletwa huku mgongoni kwa mama yake, na anasema tangu mama yake afariki hajapata mtu wa kuimba naye vizuri. Akaniuliza kaseti ni ya nani. Nikasema ya nyumbani. Akaniuliza, kumbe kwenu kuna Wamakua?

"Bibi mzaa baba," nikasema.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmwera wa Mnero, Mmwera baba na mama, na Ruvuma aliisikia redioni. Lakini Mama Tekla alishasimama. Akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniita mjukuu wangu, akaniuliza habari za huyo bibi nikamwambia alishatangulia (hilo kweli), akasikitika. Akaingia ndani akatoka na sahani ya korosho za kuchoma akaniwekea magotini. Nikazila. Nilikuwa nakula korosho za bibi wa watu kwa Umakua wa kuazima.

Wakati huo pikipiki ikasimama nje. Yule jamaa wa nyumba ya wageni, viatu vinang'aa, simu mbili mkononi. Akaangalia mashine, akaniangalia mimi na kofia yangu, akataka kuanza biashara. Mama Tekla hakumpa nafasi. Akamwambia akae kwanza asikilize, mjukuu wake kaleta wimbo wa kwao.

Halafu akanigeukia mimi. "Chomoa hizo tusikie wote."

Nilijitetea. Nilisema hedi imepata moto, inabidi ipoe. (Hakuna kitu kama hicho.) Nilisema spika zinaweza kuungua. Mzee Lukasi hakubisha hata kidogo. Aliinuka taratibu, akaenda ndani, akarudi na spika, akachomeka waya taratibu, akarudisha mkanda taratibu. Mzee yule sijawahi kuona mtu wa kufanana naye kwa utaratibu.

Sauti ikatoka. Mama Tekla akainamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza. Akasikiliza sana. Akafumbua jicho moja.

"Hiki si Kimakua."

"Ni cha ndani, bibi," nikasema.

"Cha ndani wapi? Mimi ndiyo natoka huko ndani."

Jamaa wa nyumba ya wageni akasema labda Kireno cha kanisani. Hakuna aliyemjibu. Mzee Lukasi akasimamisha mkanda, akavuta kiti karibu yangu, akaniuliza kwa upole ambao ungeniua.

"Kijana, hizi mashine ulisema umezitumia miaka mingapi?"

Nikaangalia korosho.

Akaeleza, na alikuwa anawaeleza wenzake kuliko mimi. Kaseti ya kawaida ina pande mbili. Redio inasoma upande mmoja, unageuza, inasoma mwingine. Mashine hii haina habari ya pande. Inasoma mkanda wote kwa mara moja, kwa mwelekeo mmoja. Kwa hiyo upande uliouweka unatoka njia ya kwanza na ya pili, na upande wa pili unatoka njia ya tatu na ya nne, kinyumenyume, mwisho ukitangulia. Halafu akanionyesha kitufe kidogo cha kasi, kilikuwa kimeshushwa mpaka chini, ndiyo maana dansi ilikuwa nzito na huyo mama wa Kimakua alikuwa na sauti ya mtu mzima. Anayeijua mashine huanza kwa kuangalia kitufe hicho. Akakirudisha katikati. Akatoa kaseti. Akaigeuza.

Ndiyo kwanza nikamkumbuka mama na neno lake. Upande wa pili! Nikanyoosha mkono. Mzee alishabonyeza.

Sauti ya mama yangu ikatoka, mama akiwa kijana, na kicheko ndani yake. "Haya Bakari, msalimie baba yako."

Jina langu nilikuwa nimeshawatajia nilipofika. Wote wakanitazama.

Halafu mtoto. "Baba shikamoo. Baba, jana nimekojoa kitandani. Mpaka mto umelowa. Mama kauliza nani, mi nikasema paka. Paka kachapwa. Baba, si paka. Ni mimi."

Kikafuata kilio. Kilio kirefu, cha majonzi, cha mtu aliyebeba jambo. Kile kile nilichokitafsiri. Na katikati ya kilio mama anasema kwa mbali, "Bakari, pandisha kaptura."

Mkanda ukafika mwisho.

Mama Tekla ndiye alianza, polepole, uso hauna hata tabasamu. "Mimi nasema mjukuu wangu hakukosea sana. Katuambia mto umejaa. Na mto ulijaa kweli. Ila ni ule wa kulalia."

Mzee Lukasi, mtu wa taratibu, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Jamaa wa nyumba ya wageni alikaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ile. Mama Tekla alitupa mbaazi. Na hapo ndipo nilipoona simu moja ya jamaa imeinuliwa tangu spika zilipochomekwa, inarekodi. Ndiyo hiyo mtakayoletewa.

Mimi nilicheka pia, ningefanyaje. Niliangalia ile mashine nikajua imeshaondoka. Nimedanganya kwenye simu, nimedanganya barazani, nimemfufua bibi yangu nikamgeuza kabila (hilo nikalikiri palepale, kwamba sisi ni Wamwera). Nikaanza kurudisha pamba kwenye begi. Jamaa akajifuta machozi, akasimama, akasema haya mzee, tumecheka vya kutosha, sasa naibeba.

"Subiri," akasema Mzee Lukasi. "Wameshakuja watano kuiangalia, na kaseti za redio kama hii. Wote wakifika njia ya tatu wananiambia mbovu, nipunguze. Hakuna aliyesikiliza hata dakika moja. Huyu ni mwongo, tena mwongo mkubwa. Ila amesikiliza mpaka akatoa chozi. Kuitumia nitamfundisha."

Jamani, nililia tena. Chozi la pili hilo leo, na hili sikulifuta.

Jamaa alinung'unika kidogo, halafu akasema basi atatafuta redio ya mbao kwa ajili ya kabati lake. Si mtu mbaya. Lakini Mama Tekla akasema yeye bado hajaniachia. Mmwera kakitia mdomoni Kimakua cha watu, katunga mume aliyezama, kala na korosho. Lazima nilipe faini. Na faini ni hii: wimbo wa kwanza kurekodiwa na mashine hii chini ya mkono wangu uwe wa Kimakua chenyewe, na uwe sasa hivi.

Mzee akaleta kaseti tupu na gitaa lake. Mama Tekla akaimba njia ya kwanza, kakaa palepale na ungo wake, na mbaazi zilizobaki anazitikisa ziwe kayamba. Mzee akapiga gitaa njia ya pili. Ya tatu nikapewa mimi, gitaa la kujibu. Ya nne tukamtia jamaa wa nyumba ya wageni apige makofi. (Hajui mapigo. Yamebaki humo hivyo hivyo.) Tulipounganisha zote nne zikatoka pamoja kwenye spika, watu wa sokoni wakaanza kusogea ukutani. Nawaambia kweli, lile joto nililolitafuta kwenye kompyuta yangu miaka yote lilikuwa pale, na kuku anasikika ndani yake.

Wimbo ulipoisha Mama Tekla akanitazama. "Haya, nimesema nini?"

"Sijui, bibi."

"Sasa ndiyo umeanza kujifunza."

Kumbe hakuna aliyekufa. Ni wimbo wa kumsema mume anayekoroma. Mzee Lukasi alikuwa anausindikiza kwa gitaa huku anajua anasemwa yeye.

Nimefika nyumbani sasa hivi. Mashine iko mezani kwangu katikati ya trei, imefunikwa na kile kitambaa cha kufuma, Mama Tekla kanipa na chenyewe. Nimemrudishia mama kaseti yake. Akaniuliza kama niliufungulia upande wa pili. Nikamwambia hapana, mama, ulijifungulia wenyewe. Baba alikuwa pembeni anavua viatu vya shamba. Akaniangalia, akasema taratibu kwamba yeye aliposikia kaseti ile kule Tanga, siku ya kurudi alimletea yule paka samaki mzima, wa peke yake. Yaani paka alishaombwa radhi miaka yote hii. Mimi ndiye nilikuwa bado kumwomba.

Kwa hiyo sauti ikiwafikia, naomba mtu asicheke. Na kama huwezi kabisa kujizuia, cheka kinyumenyume. Nitasema ni Kimakua.